Mama yake Lea katika hesabu ya taifa

Taslim Abbas alipopangiwa kufundisha jiografia sekondari moja ya kijijini Nyololo, baba yake alidhani mtandao wa ajira za walimu umekosea. Mzee Abbas alikuwa na duka la vipuri vya malori Mbeya mjini, na alitaka binti yake wa pekee asimame naye kaunta.

"Jiografia yote unayoitaka ipo hapa hapa," alimwambia. "Mzigo umeshushwa bandarini Dar, umepanda mlima Kitonga, unakwenda Zambia. Lori likiharibika linakuja kwangu. Unataka nini tena?"

Taslim alicheka, akafunga sanduku lake, akaondoka.

Nyololo ilimpokea kwa baridi na ukungu. Mwanzoni wanafunzi walimwita Madam Mhindi, baadaye wakazoeana, akawa Madam Taslim tu. Mada aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kupima maendeleo ya nchi. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini penye ugumu alirudi kwenye Kiswahili.

"Mtu mmoja ana mashamba makubwa ya miti," aliwaambia kidato cha nne asubuhi moja, "na jirani zake wote hawana kitu. Ukijumlisha mapato yao ukayagawa kwa vichwa, kila mmoja anaonekana ana nafuu. Anayo kweli?"

Darasa liliguna. Kila mtu alikuwa na jirani wa namna hiyo akilini. Ndiyo maana, akaendelea, wataalamu hawaishii kwenye pato. Wanaangalia pia watu wanaishi miaka mingapi, wangapi wanajua kusoma, akina mama wangapi wanakufa kwa uzazi.

Hapo Lea, msichana mkimya wa dirishani, akasimama.

"Madam, hiyo namba ya akina mama, mama yangu yumo?"

Wenzake wakageuka kumtazama. Taslim hakuwa na habari kwamba Lea ni yatima. Angeweza kusema yumo, yakaisha.

"Sijui, Lea," alisema.

Lea akakusanya madaftari yake, akatoka.

Jumamosi Taslim alikwenda nyumbani kwao, mwendo mrefu kutoka barabara kuu, kwenye njia ya udongo mwekundu. Alimkuta Faustina, mama mdogo aliyemlea Lea, akichambua viazi vya mbegu. Walisalimiana kwa kilugha cha huko, kamwene kwa kamwene, kisha Taslim akaomba radhi kwa yaliyotokea darasani.

"Hukumkosea, mwalimu," Faustina alisema. "Swali analo siku nyingi. Hakuwa na wa kumuuliza."

Akamsimulia huku mikono ikiendelea na kazi. Dada yake, Yusta, alishikwa na uchungu wakati wa masika. Njia ilikuwa tope tupu, gari halifiki. Wanaume walimbeba kwenye machela ya miti mpaka lami, wakaomba pikapu iliyokuwa inapita. Alikata roho njiani, yeye na kichanga chake, kabla ya kuiona hospitali. Dereva akageuza gari. Mchungaji alikuja, majirani walikuja, wakazika.

"Na ofisini mlikwenda kuandikisha?"

"Kusema nini, mwalimu? Alishakufa."

Taslim alijua kwamba wataalamu hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza, kisha hukadiria wale waliokosekana. Aliwahi hata kulifundisha jambo hilo. Lakini makadirio hayo hayakuwa na jina la Yusta, na mtoto wake alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Akiandikwa sasa itasaidia nini?" Lea aliuliza. "Si atakuwa namba tu?"

"Labda haitasaidia kitu," Taslim alijibu. "Ila watu wakikaa kuamua zahanati ijengwe wapi, au njia ipi itengenezwe kwanza, wanaangalia namba. Na kwa namba zilizopo, huku kwenu hajafa mtu kwa uzazi."

Faustina aliacha viazi.

"Hajafa mtu?" aliuliza kwa sauti ya chini, kisha akasimama akajifunga kitenge vizuri. "Basi Jumatatu twende."

Haikuwa kazi ya siku moja. Mtendaji wa kijiji alitaka mashahidi, akaja mchungaji, na mmoja wa wanaume waliobeba ile machela. Babu yake Lea alikasirika, akasema marehemu hasumbuliwi. Faustina alimjibu kwa adabu, lakini hakurudi nyuma. Yalipokamilika, mama mmoja wa kitongoji cha jirani alimfuata, akauliza kama na yeye anaweza kumwandikisha mkwe wake aliyekufa akijifungua. Wakaja na wengine.

Lea alirudi darasani. Mada ile ilipofika kwenye marudio, aliomba kuieleza yeye mwenyewe mbele ya wenzake. Aliongea bila kulia. Taslim, aliyekuwa amekaa nyuma, ndiye aliyeshindwa kujizuia.

Mzee Abbas bado hupiga simu kuuliza binti yake anarudi lini. Taslim humjibu, "Bado, baba," na siku hizi mzee habishi sana.

Kiangazi kilichofuata greda lilipita kwenye ile njia, na makaravati ya kupitisha maji chini ya njia yakawekwa sehemu mbaya mbili. Faustina anaamini kabisa ni kwa sababu ya Yusta. Taslim hana hakika. Huenda ilikuwa kwenye mpango zamani. Hajawahi kumbishia. Msimu wa mvua ulipoanza walipita hapo pamoja wakitoka sokoni, Faustina akasimama juu ya karavati, akatazama maji yanavyopita chini.