Simu Inayosubiri Kujibiwa

Tulikuwa wanne katika chumba kimoja cha ghorofani hapa Suna, tukitengeneza mfumo wa kuwapigia simu wagonjwa wa presha na kuwakumbusha siku yao ya kliniki. Wengi wao hawahangaiki na meseji, kwa hiyo simu yenyewe ingeongea. Mwenzangu mmoja alirekodi Kikuria, mwingine Kiswahili, nami nikarekodi Kijaluo: salamu, jina la kliniki, siku, kwaheri. Nilipojisikiliza nilijiona mtangazaji wa redio kabisa.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mama yangu, kule kisiwani Rusinga. Siku ya kliniki ikampita. Vidonge vikamwishia, na asubuhi moja jirani akanipigia kuniambia mama ameanguka jikoni. Niliogopa vibaya sana. Kabla ya jioni nilikuwa nimeshavuka daraja la Mbita.

Nilimkuta ameketi kitandani, mdomo mkali kama kawaida.

"Mama, kwani simu ya kliniki haikupigwa?"

"Ilipigwa. Ulikuwa wewe. Na siku hizi huna adabu, nyathina, mwanangu. Unanisalimia, hata sijajibu, unaendelea kuongea kama mtu anayefukuzwa."

"Nilisema siku gani?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nakujibu."

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Nikaicheza rekodi pale pale. Baada ya "Idhi nade?" nilivuta pumzi kidogo tu, nikaendelea. Na kwetu mtu mzima akiulizwa hali hakupi neno moja. Anaanza na magoti yake, anapitia kwa majirani, anamalizia na mvua. Mama alikuwa bado kwenye magoti wakati siku ya kliniki ilipotajwa.

Niliporudi Suna niliomba kimya kirefu baada ya salamu ya Kijaluo. Msimamizi wetu, mtu wa Nairobi, akakataa. Watu watadhani simu imekatika, alisema.

"Kiswahili iko sawa na sekunde mbili. Hii yenu iko na nini special?"

Nilipandwa na hasira. Nikampigia mama, nikaiweka simu mezani kwenye spika, nikamsalimia, halafu nikanyamaza. Sote tukangoja. Msimamizi hakuelewa hata neno, lakini alipoona mama bado anajibu, akaanza kutabasamu.

"Sawa, wekeni," akasema.

Kliniki iliyofuata ilipokaribia nilikuwa nyumbani Rusinga, nimekaa mkekani nachambua dagaa wa omena. Simu ya mama ikalia. Akaiweka sikioni, akasikia salamu, akaanza kujibu bila haraka: magoti, majirani, mvua. Alipomaliza akauliza kama nimekula.

"Nimekula, mama. Si niko hapa?"

Akaninyamazisha kwa mkono, maana kule kwenye simu ndipo nilipokuwa naanza kumwambia siku ya kliniki.