Nne ya Kopa

Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mwalimu mstaafu, mchana kweupe, katika hoteli ya chai nyuma ya soko la Voi, na pombe sinywi.

Mke wangu Mghoi alikuwa amefariki karibu mwaka mzima. Watoto hatukujaaliwa. Tuliishi wawili tu, na kila jioni tulicheza kadi. Sheria ya kadi unaijua: ukibakisha karata moja, lazima utangaze "niko kadi" kabla hujamaliza. Ukinyamaza, unakula mbili, yaani unaokota karata mbili zaidi. Mghoi hakuwahi kutangaza maishani mwake. Aliiweka ile karata chini ya kikombe chake cha chai, akanitazama. Kwetu nyumbani hiyo ndiyo ilikuwa "niko kadi".

Jioni ya mwisho aliiweka hivyo, kisha akasema kifua kinambana. Tukaacha mchezo mezani tukakimbilia hospitali, na hakurudi. Baadaye niliinua kikombe nikakuta nne ya kopa, imekunjika pembe. Siku ya mazishi, kule Chawia, niliipenyeza ndani ya jeneza, chini ya mkono wake.

Tangu hapo, kila jioni nilisikia kikombe kikiwekwa mezani sebuleni. Nikienda kutazama, hakuna kitu. Nikajiambia ni panya. Panya gani huyo anayekunywa chai?

Upweke ndio ulionitoa nyumbani. Mama Wakio, mwenye hoteli, aliandaa mashindano ya kadi Jumapili moja, zawadi mbuzi, nami nikaingia. Wengi walikuwa wanagenzi, na mwanagenzi hana siri. Akipata mbili au tatu, zile karata za kumlisha mwenzake, anazitupa papo hapo. Mimi nazificha mpaka abakishe karata moja, ndipo nimlishe. Tena husahau kutangaza. Hapo ndipo ninapomvizia siku zote, na wala sioni haya.

Fainali nikabaki na mwanamume wa makamo, muuza vitunguu kando ya barabara kuu kule Miasenyi. Alizishika karata kama mtu aliyepewa sahani ya moto. Mara aniulize tisa inawekwa juu ya nini, mara acheze wakati si zamu yake. Nikasema moyoni, mbuzi nimeshamfunga kamba.

Akaagiza chai ya mchaichai. Alipobakiwa na karata moja hakusema neno. Aliiweka chini ya kikombe, akanitazama.

Niamini. Macho yalikuwa ya muuza vitunguu, lakini kule kutazama kulikuwa kwa Mghoi.

"Huyo hajasema niko kadi!" Mama Wakio akapaza sauti. "Mlishe, mwalimu! Mbuzi ni wako!"

Mbuzi? Mbuzi nilikuwa nimeshamsahau. Nilichojua ni kwamba nikimlisha, mchezo utaendelea naye atakaa. Nikimwacha, atamaliza aende zake. Wewe ungefanya nini? Mimi nilitaka tucheze mpaka hoteli ifungwe, na kesho tena, na kesho kutwa. Nilishafungua mdomo niseme "kula mbili". Lakini aliyekuwa mbele yangu alionekana amechoka, amechoka sana kungoja.

"Ametangaza," nikasema. "Yeye hutangaza hivyo."

Mkononi nilikuwa na saba ya kopa na tatu ya kopa. Ile tatu ingemlisha. Nikaweka saba.

Akainua kikombe akaweka nne ya kopa. Karata za Mama Wakio zilikuwa mpya, mgongo wa buluu. Hii ilikuwa ya mgongo mwekundu, imekunjika pembe, na udongo umeganda ukingoni.

"Asante, mwalimu," akasema. "Sasa nimemaliza." Akatoka, mbuzi akamwacha pale pale.

Wiki iliyofuata nilimfuata Miasenyi. Alikuwa anapanga vitunguu, na hakunitambua kabisa.

"Mimi kadi sijui, mzee wangu," akaniambia. "Kwetu Makwasinyi, baba alikuwa mtu wa kanisa, karata hazikuingia nyumbani. Na Jumapili hiyo nilishikwa na homa, nikalala kutwa. Cha ajabu niliamka na ladha ya mchaichai mdomoni, na hapa kwetu hatuna."

Ile karata ninayo, ukitaka kuiona njoo. Lakini kikombe sikisikii tena. Kila jioni natenga chai, vikombe viwili, nakaa kimya nikitega sikio. Hata panya hakuna. Namkosa mno.

Kwa hiyo sikiliza, wewe uliye na mtu wako nyumbani. Kama kuna mchezo mmeuacha katikati, umalizeni leo hii. Na kama ataondoka kabla, kisha siku moja aje kuumaliza, kwa sura yoyote ile, usimlishe karata hata moja. Utatamani, nakuapia utatamani. Mwache amalize.