Kobe Hakumwamsha Sungura

Juzi, kwenye zahanati moja ya Mtoni, Temeke, mama aliyekaa kando yangu alikuwa akimsimulia bintiye ile hadithi ya kale ya Wagiriki, ya kobe aliyemshinda sungura mbio kwa sababu sungura alilala njiani.

"Mama, kobe alimwona amelala?" binti akauliza.

"Alimwona."

"Sasa mbona hakumwamsha?"

Mara nesi akaita namba, asiinuke mtu. Mwenye namba, dada mmoja aliyepakata kichanga, alikuwa amepitiwa na usingizi, kichwa kimeegemea ukuta. Aliyemfuatia kwenye foleni ni huyu mama. Akainuka nusu, akamtazama bintiye, kisha akamgusa yule dada begani.

"Dada, amka, unaitwa."

Wagiriki walitufundisha kwamba sungura alilala kwa majivuno. Mie, kwa miaka niliyokaa Temeke, wengi ninaowaona wamelala mchana wamechoka tu.

Binti akamvuta mama yake kanga. "Kwa hiyo sie tumeshindwa?"

"Hatujashindwa, mwanangu," mama akasema, akikaa tena. "Tumechelewa kidogo."