Mpima Mbayuwayu wa Kimuli

KIMULI, Karagwe – Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umefunika bonde, na Gaudiosus Kamugisha amesimama ndani ya maji yanayomfika magotini. Mkononi ana mbayuwayu aliyenaswa wavuni. Anamgeuza chali, anapuliza manyoya ya kifua, kisha anachungulia chini ya koo.

“Huyu hana kitu,” anasema. “Haondoki leo, wala kesho.”

Mbayuwayu aliyeshiba huonyesha mafuta ya manjano pale kwenye kishimo cha koo. Huyu ana wekundu mtupu. Gaudiosus anamtia ndani ya gazeti kuukuu alilolikunja, anamning’iniza kwenye mizani ndogo na kusoma gramu kumi na saba. Anamvisha mguuni kipete chenye namba, anaandika daftarini, anamwachia.

Ndiyo kazi yake, na watu wa Kimuli wamekwisha kuchoka kuicheka. Sehemu kubwa ya mwaka yeye ni mkulima wa migomba na kahawa kama jirani zake. Ila masika yakikaribia, mtaalamu mmoja wa ndege aliyeko Ulaya humlipa shilingi arobaini kwa mwezi awapime mbayuwayu wanaolala katika matete haya, wakiwa njiani kwenda kaskazini. Ndege hao husafiri na akiba yao mwilini. Ikipungua, hushuka mahali kama hapa wakajaza.

Mwaka wa kwanza, 1951, Gaudiosus alikosea vibaya, na anasimulia mwenyewe bila haya. Kwao mgeni aliyepokewa vizuri, akatafuna punje za kahawa za makaribisho na kula ndizi akaridhika, ndiye akaaye siku nyingi. Mwenyeji mchoyo hukimbiwa mapema. Basi akaona wanene watakuwepo tu, hakuna haja ya kuwawahi, akakazana kuwapima waliokonda kabla hawajamkimbia. Waliokonda wakawa wanarudi wavuni kila siku na vipete vyao. Wanene hakuwatia machoni tena.

“Nilikuwa nawafikiria kama Wanyambo wenzangu,” anasema akicheka. “Kumbe ndege akishiba anaondoka. Anayekaa ni yule mwenye njaa.”

Mwaka huu wa 1954 elimu hiyo nusura imgombanishe na shemeji yake. Matete hayo ni mali ya Anatory, kaka wa mkewe. Mtoto wa kiume wa Anatory anaoa baada ya Pasaka, na nyumba mpya inataka matete, ya kuta na ya ua. Mwanzoni mwa Machi Anatory alinoa panga lake, akatangaza kwamba mkwe wake hataingia nyumba isiyo na ua kwa ajili ya ndege wasiotosha hata mchuzi.

Gaudiosus aliogopa, na hafichi. Matete yakienda yote, wale waliofika wamekonda wangelala wapi? Bonde jingine lenye matete na maji liko mbali, na safari hiyo ingewamalizia kile kidogo walichobaki nacho. Akamwomba shemeji yake aje bondeni asubuhi moja tu, kisha aamue.

Anatory alikuja amenuna. Alishikishwa namba 118, ndege mwepesi ambaye, anasema, hakuhisi kama ameshika kitu. Siku nane baadaye, kumbikumbi wakiwa wameruka kila jioni baada ya mvua, Gaudiosus akamwita tena. Alikuwa namba 118 yule yule, sasa gramu ishirini na mbili. Anatory akapuliza manyoya mwenyewe, akaona manjano. Kesho yake namba 118 hakunaswa, wala kesho kutwa.

“Nimekuelewa, shemeji,” alisema Anatory. “Lakini ua wa mwanangu nitautoa wapi?”

“Kwangu,” alijibu Gaudiosus.

Jumamosi iliyopita wanaume hao wawili waling’oa ua wa matete wa Gaudiosus, wakaubeba mabegani hadi kwa bwana harusi. Kuta zitapata matete ya ukingoni. Ya katikati, wanakolala ndege, hayataguswa hadi mwisho wa Aprili.

Sasa Kokuhirwa, mke wa Gaudiosus, anapika mbele ya kila apitaye njiani. Hakuulizwa, anasema, wala haoni ajabu, maana huyu mume alimkuta na akili hizo hizo.

Gaudiosus ana mpango wa kuotesha matete yake mwenyewe chini ya shamba, ili mwakani asimwombe mtu. Ua mpya ameuahidi kabla ya Mei. Mkewe ameukubali kwa sharti moja.

“Miaka kumi na minane nimepika hapa, sikuwahi kuwaona ndege hao wakiruka kutoka bondeni hadi juma hili,” anasema Kokuhirwa, macho yakiwa huko chini. “Akijenga, upande ule auache wazi.”