Bati la Malvern

Ka! Ka! Kaa! Mpaka leo naisikia ile sauti juu ya bati letu pale Malvern, mtaa tuliohamia ugenini. Juzi mvua ya barafu ilinyesha nikiwa saluni. Wateja walitoa simu wapige picha, mimi nikajikuta nimechuchumaa.

Jumamosi ile hatukutoka. Papa hakwenda kazini, Mama alikaanga mandazi, nyumba nzima ikanukia mafuta. Nilifurahi sana, nikidhani ni sikukuu. Sasa najua kwamba maduka ya wageni kama sisi yalikuwa yanavunjwa na wenyeji kule Jules Street.

Bati lilipoanza kulia, Mama aliangusha kijiko. "Wamefika! Wanatupiga mawe!"

Papa alitusukuma sote chini ya kitanda. "Mtu asiongee Kiswahili!"

"Hata kuomba Mungu, Papa?" mdogo wangu aliuliza.

"Omba kwa Kizulu!"

Nilitambaa hadi mlangoni, nikachungulia, nikapigwa na butwaa. Uani hapakuwa na mtu. Palikuwa peupe kabisa.

"Mama, ni barafu tu!"

Hakunisikia. Niliokota punje moja, nikarudi nayo chini ya kitanda. Mama alikuwa amekunja ngumi. Nikavifungua vidole vyake kimoja kimoja, nikaiweka barafu kiganjani.