Mwana wa Mtemi Aliyesomewa Uchungaji

Sabina Amsi wa Mbulumbulu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilima maharage kwenye eka moja na nusu, Jumapili aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na siku za mnada alishuka Karatu kuuza alichovuna. Mumewe alimkimbia zamani, akaenda Baray kulima vitunguu, akaona huko kunamfaa zaidi. Aliyebaki ni baba yake, mzee Amsi, mwenye miaka tisini na kitu, haoni vizuri tena, mbishi kupindukia. Sabina alimlisha, akamwogesha, akamvumilia. Na mzee alikuwa na ombi moja tu: akifa, alazwe kilimani karibu na baba yake.

Ombi dogo, utasema. Ngoja kwanza.

Baba yake huyo mzee alikuwa Mtemi Tluway. Kwa Wairaqw, Tluway ni mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Amsi ni aliyezaliwa usiku. Kila mtu alikuwa na jina lake, na hakuna mwana aliyebeba jina la babaye. Ndivyo ilivyokuwa hadi wakoloni walipofungua shule na kuamuru kila mtemi apeleke mwanawe. Mtemi Tluway aliona wanataka kumchukulia mtoto, basi. Akamficha Amsi kwenye zizi la mbali, akamtwaa Petro, mtoto wa mchungaji wake wa ng'ombe, akamwogesha, akamkabidhi kwa mwalimu. "Huyu ndiye mwanangu," akasema mbele ya watu wote. Mwalimu alitaka jina la ukoo, na kwa kuwa hakuna aliyejua ni kitu gani, aliandika la mtemi mwenyewe: Petro Tluway.

Mtemi aliufurahia ujanja wake, wanasema, wiki nzima. Mpumbavu yule! Petro alirudi anajua kusoma, Amsi akabaki anajua ng'ombe. Baada ya uhuru utemi ukafutwa, kila kitu kikataka karatasi, na kwenye karatasi mwana wa mtemi alikuwa mmoja tu. Shamba likaandikwa Tluway, nyumba ikaandikwa Tluway, watoto na wajukuu wa Petro wote wakawa Tluway. Amsi akaachiwa kipande pembeni, achunge mifugo ya mtoto wa mchungaji wa baba yake. Akachunga. Angemshtaki nani, na aliyemkana ni baba yake mzazi?

Mwezi wa tano mzee alifariki. Sabina aliuacha mwili mochwari, akapanda moja kwa moja hadi kwa Naftali, mtoto mkubwa wa Petro, bwana shamba mstaafu na mwenyekiti wa ukoo. Kilima kilikuwa mikononi mwake. Makaburi ya pale aliyawekea vigae, na watalii wanaokwenda kreta kutazama wanyama walisimamishwa hapo kuoneshwa ukoo wa kitemi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Sabina. Pole sana. Mzee wetu ametuacha." Naftali akaagiza chai. Alikuwa mtu wa adabu, na hilo ndilo lililomfanya achukize.

Sabina alitoa ombi lake. Naftali alikoroga chai muda mrefu.

"Kilimani wanalala akina Tluway."

"Baba, wewe unajua. Mzee Petro alikwambia."

"Aliniambia." Naftali alitazama mlango, akashusha sauti. "Kabla hajafa alilia, akaniambia yote. Sasa nifanyeje? Nikawaite wanangu niwaambie ni vitukuu vya mchungaji?"

"Sikuombi jina. Nakuomba shimo."

"Shimo nitakupa," alisema Naftali. "Ila historia ya marehemu nitaiandika mimi, na utaisoma wewe."

Sabina alielewa papo hapo. Kwao, kinachosomwa mbele ya jeneza ndicho kinachobaki. Anayebishana nacho baadaye huonekana mchawi. Aliondoka bila kunywa chai. Usiku huo na siku iliyofuata alihesabu alichonacho: maiti inayosubiri, ndugu wachache waoga, na ahadi aliyompa mzee akiwa amemshika mkono. Akarudi, akakubali.

Siku ya maziko watu walijaa. Sabina alisimama kando ya jeneza na karatasi ya Naftali, iliyopigwa chapa vizuri.

"Marehemu Amsi," alisoma, "alikuwa mchungaji katika nyumba ya Mtemi Tluway. Alizaliwa kwa mchungaji, akaitumikia familia kwa uaminifu maisha yake yote. Kwa heshima ya utumishi huo, familia imemruhusu apumzike hapa."

Bibi Cresensia, aliyemjua mtemi na kujua kuwa Amsi ni mwanawe wa kumzaa, aliinamisha kichwa akatazama viatu. Wengine wenye umri wake walifanya hivyo hivyo. Sabina alisubiri mmoja akohoe tu, hata kukohoa. Hakuna. Naftali alipanguza macho kwa leso na kushukuru kwa niaba ya ukoo.

Amsi alizikwa hatua nne kutoka kwa baba yake. Sabina aliporudi nyumbani alilia kwa hasira, kisha akajiambia angalau mzee amepata alichotaka.

Wiki mbili baadaye Naftali alimtumia barua. Aliandika kwa upole kwamba kipande kile anacholima Sabina alipewa mchungaji kwa matumizi yake akiwa hai, jambo ambalo binti mwenyewe amelithibitisha mbele ya waombolezaji. Familia inamtakia heri, na inamruhusu avune maharage kwanza.

Alivuna. Mwezi wa saba alipanga chumba Karatu mjini, nyuma ya duka la Shaabani. Shaabani, mtu mwema asiyejua lolote, alifungua daftari la wapangaji.

"Sabina Amsi nani, dada?"

"Amsi tu."

"Ukoo gani? Wanasema huko kwenu juu kuna watu wa utemi."

"Hao siyo sisi," Sabina alijibu. "Baba yangu alikuwa mchungaji wao." Alilisema haraka, bila karatasi, na safari hii hakuna aliyemlazimisha.