Mimi na Bidoni la Mawese

Harufu ya mawese yanapokamata moto, ile inayopanda puani kabla hata kitunguu hakijaingia sufuriani, kwa watu wengi wa Kasongo ni harufu ya nyumbani. Kwangu mimi ni harufu ya adui. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa Kindu, mwezi wa tatu huo, kwa sababu mimba yake ilikuwa inasumbua na daktari alimtaka awe karibu na hospitali kubwa. Siku moja alipiga simu akamwambia Baba kwa mkupuo mmoja: "Niletee mtoto wangu, na mawese ya huko kwetu Wamaza, maana ya huku hayana ladha." Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu.

Kwa kawaida tungevuka mto mpaka Samba tukapanda treni. Lakini wafanyakazi wa reli walikuwa wamegoma, na treni ilikuwa imelala stesheni kama mbuzi aliyeshiba. Gari lilikuwepo, lori la mchele, ila mvua ilikuwa imeifanya barabara kuwa uji, na abiria walikuwa wakirudi kwa miguu, matope mpaka magotini. Ikabaki ndege ndogo ya dawa, iliyokubali kuchukua watu wachache. Baba akatuketisha, mimi na shangazi yangu Mwamvita, akauliza kama waziri: "Treni, gari, ao ndege?" Shangazi akasema tungoje treni, kwani hajawahi kusikia treni imeanguka kutoka mawinguni. Mimi nikainulia ndege mikono yote miwili, nikashinda.

Shida ya ndege hiyo ilikuwa mizani. Watu walisema inapima kila kitu, mpaka viatu, na ukizidisha unabaki. Basi kwa siku nne nilifanya kazi moja tu, kuwa mwepesi. Bugali wangu uliliwa na mbwa, naye akanenepa. Nilimwomba shangazi aninyoe nywele zote. "We mutoto, uko na nini?" akauliza. Nikamwambia chawa. Asubuhi ya safari nilienda chooni mara tatu.

Uwanjani walitupandisha kwenye mizani ya kupimia magunia: Baba, mkoba wake, dumu la njano la mawese, lile tunaloliita bidoni, halafu mimi, kipara kinang'aa. Mpimaji akapiga hesabu, akatikisa kichwa. "Papa, mumepitisha kilo makumi mbili. Kimoja kibakie." Bidoni lilikuwa kilo ishirini na tatu. Mimi ishirini na mbili. Nilitabasamu, maana nilikuwa nimelishinda bidoni kwa kilo nzima. Baba akaniangalia, akaangalia bidoni, akaniangalia tena. "Mwanangu," akasema, "bidoni haina miguu. Wewe utakuja na treni. Jumatatu itatembea." Likapandishwa, likawekwa kwenye kiti changu. Nasema kweli: walilifunga mkanda.

Jumatatu ikapita, na nyingine, na nyingine. Kila siku nilitoka shule nikasimama njiani kuwauliza wenye pikipiki waliotoka upande wa Samba. "Treni iko," walinicheka, "inalala tu. Uende uiamushe, Kipara!" Mama akapiga simu, sauti imejaa furaha: "Mawese yamefika vizuri, mwanangu. Hata tone halikumwagika." Nilimrudishia shangazi simu. Treni ilipotembea hatimaye, haikunipeleka popote. Ilimleta Mama, mdogo wangu mgongoni. Mtoto alikuwa ameshajua kucheka, na nywele zangu zote zilikuwa zimeota.

Sasa nimo mwaka wa mwisho wa sekondari, darasani ndimi ninayefukuzwa nje kwa utani, na nina uzito wa mabidoni mawili na kitu. Sinyimi tumbo langu chochote kwa ajili ya mtu. Wiki hii reli imegoma tena, mvua imeila barabara tena, na Baba yuko Kindu kikazi. Alinipromisi likizo kwake. Jana alipiga simu, nikamwambia: "Baba, treni hakuna, gari hakuna, ndege iko na nafasi kidogo. Nije mimi, ao yaje mawese?"

Nilikuwa natania. Nilijua kabisa natania, mpaka nilipomsikia anakohoa. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha kitu:

"Bidoni iko ya lita ngapi?"